Kuwaingiza Kuku Wadogo kwenye Banda Lenye Wenyewe

Zamani hapa Tanga suala la kuwazoesha kuku wadogo na wakubwa halikumsumbua mtu. Koo aliatamia mayai yake kwa siku 21 uvunguni au nyuma ya rundo la kuni, akatoka na vifaranga wake, akawatembeza uani huku akimtimua kila aliyewasogelea, na wakati wa kuwaachisha ulipofika, watoto wale walikuwa wamekwisha kujua ni nani wa kukwepwa, ni wapi pa kujificha na ni wakati gani wa kusogelea pumba. Mwenye kuku hakuwa na kazi kubwa zaidi ya kuwalinda na kunguru na mwewe. Mambo yamegeuka tangu kuku machotara waenee mitaani. Leo mkazi wa Makorora, Mabawa au Sahare ananunua Sasso, ambao asili yao ni Ufaransa, au Kuroiler, ambao asili yao ni India, wakiwa wa siku moja au wakiwa wamekwisha kulelewa wiki kadhaa, na nyumbani tayari ana mitetea wake wa kienyeji waliozaliwa na kukulia humo humo. Wadogo hao wanafika bila mama wa kuwatetea na bila kuijua adabu ya uwanja ule. Ndipo watu wanapoamka asubuhi na kukuta wawili watatu wamedonolewa vichwa mpaka mfupa unaonekana, kisha wanalaumu ukali wa kuku wa kienyeji.

Sikubaliani sana na lawama hiyo. Nimefuga uani kwa miaka mingi, na miongoni mwa kuku wangu wamekuwamo kuchi, ambao kwa ubabe hawana mfano, na ninavyoona ukali wa mwenyeji ni jambo la kawaida lenye mwisho wake. Kinachoua ni mgeni kukosa pa kukimbilia. Kuku mkubwa humfukuza mdogo kwa hatua chache, na akishaona amekimbia, humwacha na kurudi kuchakura. Lakini mdogo akikimbilia kwenye kona ya banda, hana tena namna ya kuonyesha kwamba ameshindwa, kwa sababu kuku hukubali kushindwa kwa kuondoka. Mkubwa huendelea kudonoa kwa kuwa mbele yake bado amesimama kuku ambaye hajaondoka, na damu ikishaonekana, hata wale waliokuwa wametulia pembeni hujiunga.

Vyeo vya kuku si dhana ya mitaani. Mwaka 1921 Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei, aliyeanza kuwachunguza kuku tangu utotoni, alieleza kwamba kila kundi lina safu yake, ambapo aliye juu huwadonoa walio chini yake na aliye chini kabisa hamdonoi mtu. Safu hiyo ikishatulia, vita hupungua, kwa kuwa kila mmoja anajua nafasi yake na jicho kali tu linatosha. Anapoingia mgeni, ni lazima kila mwenyeji apatane naye upya, mmoja mmoja. Ukiwa na mitetea sita na ukaleta wadogo wanne, umeleta uani mapatano ishirini na manne yanayotakiwa kumalizwa, na ni afadhali yamalizike polepole kuliko yote kwa asubuhi moja. Kwa sababu hiyo pia, kumwingiza kuku mmoja peke yake ni kumtesa, maana vipigo vyote vinamwangukia yeye, wakati wakiwa wanne au watano vipigo hugawanyika na wenyewe kwa wenyewe hufarijiana. Kuku hutambuana zaidi kwa sura ya kichwa na upanga wake mwekundu, na hata mtetea wako mwenyewe akitengwa kwa wiki kadhaa kwa ajili ya ugonjwa anaweza kupokewa kama mtu baki siku anaporudi.

Kabla ya kufikiria vita, hata hivyo, fikiria maradhi, kwa kuwa kundi zima linaweza kufa bila kudonoana hata mara moja. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio wa kwanza. Wenyeji na wageni wote wawe wamechanjwa. Chanjo ya I-2, ambayo inastahimili joto kuliko chanjo nyingine nyingi za mdondo, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga haipatikani siku ile ile ya chanjo, hivyo acha angalau wiki mbili zipite kabla ya kuwakutanisha. Uliza pia kuhusu chanjo ya ndui na ya gumboro kwa yule aliyewalea, na usiridhike na jibu la kichwa kutikiswa. Afisa mifugo wa kata atakusaidia kupanga ratiba ya zile zilizobaki. Kuku aliyenunuliwa sokoni, ambaye ameshinda ndani ya tenga moja na kuku waliotoka Muheza, Handeni na Pangani, mchukulie kuwa ni mgonjwa ambaye hajaonyesha dalili. Mweke mbali kabisa na banda kwa wiki tatu hadi nne, mpe vyombo vyake vya chakula na maji, na kila siku wahudumie kwanza kuku wako wa zamani ndipo uende kwa huyo, usianze kwake na kurudi bandani na kandambili zile zile.

Wengi hukumbuka kwamba mgeni anaweza kuleta ugonjwa, lakini husahau kwamba wenyeji nao wanao wa kumpa. Mitetea wakubwa huishi na vijidudu vya koksidia bila kuumwa, kwa kuwa wamekwisha kuvizoea, huku wakivitoa kila siku katika kinyesi. Mdogo aliyelelewa juu ya maranda makavu akishushwa ghafla kwenye banda lenye matandazo ya miezi, hasa masika yanapokuwa yamekolea na kila kitu kimelowa, huanza kuharisha damu ndani ya siku chache, na mwenye kuku hudhani ni mshtuko wa kuhamishwa. Ondoa matandazo yote ya zamani, kausha sakafu, mwaga maranda mapya, na ukiweza, usiwachanganye kabisa kati ya Machi na Mei. Kagua vilevile nyufa za kuta na viungo vya boriti, ambamo papasi hujificha mchana ili watoke usiku kunyonya damu. Kuku mkubwa huvumilia papasi wachache. Tembe, yaani kuku jike mdogo, aliyechoka kwa kufukuzwa mchana kutwa hawezi.

Sasa kuhusu umri. Wiki sita ndio wakati ambao wadogo wengi huwa wamekamilisha manyoya na hawahitaji tena joto la taa au la jiko la mkaa, lakini manyoya peke yake hayatoshi. Mimi hupendelea kungoja mpaka wawe kati ya wiki nane na kumi na mbili, ili tofauti ya umbo iwe ndogo. Kwa machotara kuna mtego hapa ambao huwanasa hata wafugaji wazoefu: hawa hukua haraka mno, kiasi kwamba wa miezi mitatu anaweza kulingana na mtetea wa kienyeji, na mtu akimshika mkononi na kuona uzito ule husema huyu atajitetea mwenyewe. Hajitetei. Mwili ni wa mtu mzima, lakini akili na sauti bado ni za kifaranga, na nimeona Sasso mkubwa kama mpira akikimbizwa uwanja mzima na kuku wa kienyeji mwembamba ambaye miguu yake haifiki unene wa kidole. Hata baada ya kumzidi kwa mbali, wengi hubaki chini yake katika safu kwa muda mrefu.

Hatua ambayo haifai kurukwa ni ile ya kuwaweka waonane bila kugusana. Jenga uzio mdogo ndani ya uwanja wa wakubwa, au ubavuni mwa banda lao, na uwaache wadogo humo kwa wiki moja hadi mbili. Kwa sisi wa pwani jambo hili ni rahisi, kwa kuwa vipande vya nyavu chakavu hupatikana kwa wavuvi wa Sahare kwa bei ndogo au kwa salamu nzuri tu, na fito za kuzishikia hazikosi. Wavu uvutwe ukaze, kwa sababu nailoni iliyolegea hunasa miguu na shingo, na matundu yawe madogo kiasi cha kichwa cha kuku mdogo kutopenya, maana kichwa kinachotokeza upande wa pili hudonolewa bila kukosea. Juu pia pafunikwe. Kunguru wa Tanga hawana haya, nao huja wawili wawili, mmoja akamshughulisha kuku huku mwingine akinyakua.

Jambo ambalo wajengaji wa uzio huu hulisahau ni mahali pa kuweka chakula. Weka chombo cha wadogo karibu na wavu kwa ndani, na cha wakubwa karibu na wavu kwa nje, ili wawe wanakula wakitazamana. Siku za mwanzo utawaona mitetea wakiacha kula ili waparuze wavu, wamesimamisha manyoya ya shingo, na wadogo wakijikunyata upande wa mbali. Baada ya muda hamu ya chakula hushinda, na pande zote mbili huinamisha vichwa zikiwa zimetengwa na uzi tu. Siku utakapopita na kukuta hakuna anayeinua shingo ndiyo siku ya kuanza kufikiria kuutoa wavu. Tarehe uliyoipanga haina maana yoyote kwao.

Ukiutoa wavu, tatizo la chakula linaanza, nalo halipewi uzito linaostahili. Chakula cha mitetea wanaotaga kina madini ya kalisi kiasi cha asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya maganda ya mayai, wakati tembe ambaye hajaanza kutaga anahitaji takriban asilimia 1 tu, na kiwango kikubwa kikiendelea kwa wiki nyingi huharibu figo zake. Hutaweza kuwazuia wasile katika chombo kimoja. Njia iliyo nyepesi ni kuwapa wote chakula cha kukuzia mpaka wadogo waanze kutaga, huku ukiwawekea mitetea chombo cha pembeni chenye maganda ya chaza yaliyopondwapondwa. Mtetea anayetaga huyafuata mwenyewe kwa kadiri ya haja yake, na mdogo huyagusa kidogo tu na kuyaacha. Maganda ya kupondea yamejaa ufukweni, na wenye uvivu wa kuponda hununua yaliyosagwa madukani. Vyombo vya chakula na maji viwe viwili au zaidi, na vipangwe kwa namna ambayo anayekula katika kimoja hamwoni anayekula katika kingine. Viwili vikikaa jirani, mtetea mmoja mwenye kiburi huvilinda vyote.

Nimesema kinachoua ni kona, basi nieleze namna ya kuziondoa. Kata kila kona ya banda kwa kuegemeza ubao au bati mshazari, kiasi kwamba nyuma yake kunabaki njia nyembamba ambayo mdogo anaweza kuingia kwa upande mmoja na kutokea upande wa pili; njia isiyo na pa kutokea ni kona nyingine. Funika tenga kuukuu katikati ya uwanja na ulikate vilango viwili ambavyo tembe anapita na mtetea anakwama. Tupa matawi ya mwarobaini hapa na pale, yavunje macho, kwa sababu kuku aliyepotezwa machoni kwa nukta chache husahaulika. Fito za kulalia ziwe za kimo tofauti, za chini zikiwa mbali kidogo na zile za juu, ili wadogo wasilazimike kugombea ile ambayo wakubwa wameimiliki. Kuhusu nafasi, wasizidi watano kwa kila mita moja ya mraba ya banda, na katika kipindi cha kuzoeana wawe pungufu ya hapo. Uani penye msongamano hakuna ufundi utakaosaidia, na hapo ni heri kuuza mitetea wawili waliozeeka kabla ya kuleta wengine.

Mkutano wa kwanza ufanyike nje, alasiri, wakubwa wakiwa wamekwisha shiba. Asubuhi ni wakati mbaya: wana njaa, wana nguvu, na wengine wanagombania viota vya kutagia. Fungua uzio kisha mwaga machicha ya nazi kwa kuyatawanya eneo kubwa, usiyarundike mahali pamoja, ili kila mmoja awe na pa kuchakura mbali na mwenzake. Vuta kigoda ukae. Kinachofuata huwa hivi: mtetea mmoja, aghalabu si yule wa juu kabisa bali wa katikati ambaye cheo chake kina mashaka, huacha machicha, huinua shingo, husogea kwa mwendo wa upande upande akiwa amemkazia jicho tembe aliye karibu. Tembe husimama. Mtetea humpiga donoo moja kali utosini, sauti yake unaisikia ulipo. Tembe hupiga kelele, huinamisha kichwa, hugeuza uso na kuondoka haraka hatua nne au tano, na mtetea hubaki amesimama kwa muda, kisha hurudi kwenye machicha yake. Hayo ni mapatano, na yamekwisha. Mwenye huruma akikimbilia kumnyakua tembe wake hapo hapo, atakuwa ameyaharibu, na kesho yatalazimika kurudiwa.

La kuingilia ni jingine. Mtetea akimfuata mgeni baada ya kuwa amekwisha kuondoka, akamkimbiza mpaka ng'ambo ya uwanja, akampanda mgongoni na kushika ngozi ya kichwa bila kuiachia, au wawili watatu wakimzunguka mmoja, simama uwatenganishe. Damu ikitoka, muda wa mazungumzo umepita: mtoe aliyeumia, msafishe jeraha kwa maji ya chumvi, umweke nyuma ya wavu ambapo wenzake wanamwona, na asirudi mpaka kigaga kikauke. Asiwekwe mahali pa mbali, la sivyo atarudi akiwa mgeni upya. Tazama pia wale wasiopigwa lakini hawali. Tembe anayeshinda juu ya fito mchana kutwa, kifuko chake cha shingoni kikiwa kitupu jioni unapompapasa, anakufa njaa taratibu ingawa hana hata mkwaruzo.

Watu wengi hupenda ile njia ya kuwapandisha wadogo kwenye fito usiku, kwa kuwa kuku haoni vizuri gizani wala hagombani. Njia ni nzuri ikiwa inakuja mwisho, baada ya wiki za wavu na alasiri kadhaa za machicha. Ikitumiwa peke yake, kinachopatikana ni vita iliyoahirishwa hadi alfajiri, tena ndani ya banda lililofungwa, ambako kona zote zipo na mwenye kuku bado amelala. Ukiwapandisha usiku, waweke pembezoni kwenye fito za chini, uwe umetia chakula na maji sehemu mbili tangu jioni, na ukishatoka kuswali alfajiri pitia moja kwa moja bandani ufungue mlango.

Jogoo mzima mwenye heshima zake husaidia kuliko inavyodhaniwa, maana mara nyingi huingia kati mitetea wanapozidisha, na huwaita wageni kwenye chakula. Shida huja kwa mapora, yaani majogoo wachanga. Mtu hununua wadogo wanane akitumaini mitetea watupu, na miezi minne baadaye watatu kati yao wanajaribu kuwika. Jogoo mmoja anatosha kwa mitetea wapatao kumi. Mapora watatu zaidi watawasumbua mitetea, watapigana na baba mwenye nyumba, na safu yote iliyotulia itavurugika tena. Watenge mapema kwenye uzio ule ule wa wavu, wanenepe, wangoje Idi.

Yuko pia mtetea wa aina ya pekee ambaye hakubali. Wenzake wote wamekwisha wazoea wageni, fito zimeshachanganyika, maji wanakunywa pamoja, lakini yeye kila akimwona mdogo huacha alichokuwa akikifanya na kumwendea. Usimtenge anayepigwa, mtenge huyo. Umweke mahali asipowaona wenzake kwa siku kadhaa, na wakati huo safu hujipanga bila yeye. Anaporudi, yeye ndiye mgeni, na hujikuta akiulizwa na kila mtu cheo chake ni kipi. Kwa walio wengi dawa hii hutosha. Kuna mtetea wangu mmoja wa kichotara cha kuchi ambaye haikumtosha, na kwa kuwa alikuwa amepunguza kutaga tangu zamani, kikao cha jikoni hakikuchukua muda kumpitishia mchuzi wa nazi.